Jiwe la Juu ya Mlango

Juzi mlipokuwa mnashusha zile slabu za graniti hapa yadi ya Lanet, mmoja wenu aliniona nikipitisha kidole kwenye jiwe kuukuu kutoka kulia kwenda kushoto. Akacheka. "Mzee, hiyo unasoma rivasi?" Nami nikacheka, nikaenda zangu kutafuta chai. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani Bahati, na limenikalia siku tatu. Nimeona niwajibu kwa maandishi. Nikiwasimulia kwa mdomo najua kuna mahali nitaparuka, na hapo ndipo penyewe.

Nimechonga mawe ya makaburi hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka hamsini. Nyinyi mnaandika jina kwenye kompyuta, mashine inakata, mnapuliza vumbi, mteja anabeba. Sisi tulikuwa na tindo, nyundo, rula na penseli ya seremala. Aliyenifundisha ni Fundi Odera, Mluo mmoja mpole aliyekuwa na karakana nyuma ya stesheni ya reli. Mwaka mzima hakuniruhusu kugusa herufi. Nilisawazisha nyuso za mawe tu, hadi viganja vikawa vigumu kama soli. Nikilalamika ananiambia, "Mwaura, penseli inafutika. Hii haifutiki. Wewe subiri."

Siku moja aliingia karakana mzungu mfupi, kofia kichwani, karatasi mkononi. Alikuwa na duka la mbegu na dawa za ng'ombe mjini, na watu wote walimwita Bwana Zelman. Fundi Odera alikuwa anaumwa macho, akanisukuma mbele. Nilitazama ile karatasi nisione hata herufi moja ninayoijua.

Vijana, wengi wenu hamjui kwamba Nakuru ilikuwa na Wayahudi. Walikuwepo. Wengine walikuwa wakulima, wa mahindi upande wa Rongai na wa pareto huko juu Molo. Wengine walikuwa na maduka, na gereji, na mmoja alikuwa daktari wa meno ambaye watoto wa mtaa mzima walimwogopa. Wengi wao walikuwa wamekimbia kutoka kwao Ulaya wakati wenzao walipokuwa wanauawa. Walikuwa na nyumba yao ya sala, nyumba ya kawaida tu ya mawe yenye paa la mabati. Jumamosi asubuhi ungewaona wakitembea kwenda huko wakiwa na suti, wanaume, wanawake na watoto, barabara nzima. Sikukuu zao zikifika, magari ya wakulima yalijaa pale nje hadi wapita njia wanauliza nani anaoa.

Ile karatasi ya Bwana Zelman ilikuwa na jina la mkulima mmoja wa Molo aliyefariki. Alinieleza kwamba maandishi yao huanzia kulia. Nikasema ndiyo, nimeelewa. Halafu kwa vile mkono wangu ulishazoea, nikaanzia kushoto, nikalipanga jina lote mkia ukitangulia kichwa. Alipokuja kutazama alisema, "Mwaura, hii mtu yangu umezika na miguu juu."

Nikarudia kwenye jiwe lingine. Mara hii nilianzia kulia, nikafurahi mwenyewe. Bwana Zelman alivua miwani, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye herufi moja moja. Kwenye herufi ya mwisho akasimama. Wana herufi mbili zinazofanana kama mapacha. Zote ni kama fremu ya mlango. Moja miguu yake yote miwili imeshika dari, nyingine mguu wake wa kushoto haugusi dari, kuna kijipengo hapo. Mimi nilikiona kile kijipengo kwenye karatasi nikadhani ni kalamu iliruka. Nikakifunga.

"Nitaziba kwa saruji nyeupe," nikasema. "Haitaonekana."

"Mvua mbili," akasema. "Mvua mbili, saruji itaanguka, na mtu yangu atabaki na jina ya uongo." Alisema kweli. Nilisawazisha uso mzima wa jiwe upya, nikashuka karibu unene wa kidole, nikaandika tena. Hilo nawaambia hata nyinyi wa mashine: kosa la jiwe halizibwi. Unashusha uso wote au unatupa jiwe.

Alipokuwa akinisubiri nimalize, alikaa juu ya gunia la mchanga akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba mama yake na dada zake wawili hawana jiwe popote. Waliuawa, na hakuna anayejua walilazwa wapi. "Kwa hivyo hapa Nakuru," akasema, "hakuna mtu yetu atalala bila jina." Akasimama, akajipangusa mchanga kwenye suruali, akaenda kufungua duka.

Tangu siku hiyo kazi zao zote zikawa zangu. Nilijifunza zile herufi kwa mkono kabla ya akili. Nilijifunza kwamba hawapeleki maua kaburini, wanaweka kijiwe juu ya jiwe. Nilijifunza herufi mbili zinazokaa juu ya kila kaburi lao, ambazo ni ufupisho wa kusema hapa amezikwa fulani. Hizo mbili zilikuwa za kwanza kunikaa kichwani, na ziliniletea aibu ambayo lazima niwape, mcheke kidogo kabla hatujafika mbele.

Mchungaji mmoja wa upande wa Rongai alikuwa anajenga kanisa. Alisikia kuna fundi Nakuru anayejua Kiebrania, akaja na furaha nyingi. Alitaka jiwe la msingi liwe na neno lolote la lugha ya Biblia. Ningemwambia sijui, mimi nanakili tu. Lakini nilikuwa kijana na nilipenda kuitwa mtu anayejua. Nikamchongea zile herufi mbili, kubwa, nzuri, na mapambo ya majani pembeni. Walilizindua kwa nyimbo na ng'ombe wawili. Nilipomsimulia Bwana Zelman alishika kaunta ya duka lake kwa mikono miwili, akacheka hadi machozi yakaingia kwenye ndevu. "Kanisa nzima umezika!" Akamwita mkewe, Bibi Hana, kutoka stoo, nikalazimika kusimulia tena. Lile jiwe bado liko huko.

Kazi yangu kubwa kwao haikuwa kaburi. Walikuwa wameongezeka hadi nyumba ya sala ikawa ndogo, wakaamua kuipanua na kufungua mlango mpya mpana mbele. Juu ya mlango walitaka linta ya jiwe, si ya zege. Linta, kwa nyinyi mliozoea matofali ya kupanga tu, ni lile jiwe refu linalolala juu ya mlango na kubeba ukuta. Lilitoka kwenye timbo kipande kimoja, tulilibeba watu wanane. Bwana Zelman aliniandikia mstari mmoja wa kuchonga, maneno kuhusu mlango na wale wanaostahili kuuingia. Nilifanya kazi hiyo wiki tatu. Yeye alipitisha kidole mara tatu, hakupata kosa. Siku ya kufungua walinisimamisha mbele pamoja nao, na Bibi Hana akanikatia kipande cha keki kikubwa kuliko cha daktari wa meno.

Uhuru ulipokuja, wakaanza kuondoka. Sitawadanganya kwamba nililia wakulima walipouza. Hizi ekari zangu mbili za Bahati zilikatwa kutoka shamba la mzungu, na mama yangu alikuwa amelima kwenye shamba la namna hiyo maisha yake yote bila kumiliki hata tuta la vitunguu. Mwenye kuuza aliuza, sisi tukanunua kwa vikundi, tukashukuru Mungu. Lakini waliondoka hata wale wasiokuwa na shamba. Daktari wa meno alienda Uingereza. Mwenye gereji alienda Israeli. Watoto walipelekwa kusoma nje, hawakurudi, na wazazi wakawafuata. Kila mara mtu akiondoka, Bwana Zelman alipita karakana kuniambia, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. "Sasa tumebaki kumi na nne." "Sasa tumebaki kumi na moja."

Nilimuuliza kwa nini anahesabu. Akanieleza kwamba sala zao nyingine haziwezi kusemwa mpaka wanaume wazima kumi wawe pamoja, na mojawapo ni ile anayoisema aliyefiwa kando ya kaburi. Tisa hawatoshi. Hata wawe watakatifu namna gani, tisa ni tisa.

Bibi Hana alifariki msimu wa mvua ndefu, siku ya Alhamisi. Wao hawakai na maiti, na Jumamosi hawaziki, kwa hivyo ilikuwa lazima Ijumaa kabla ya jua kutua. Nakuru na Rongai yote walipatikana wanaume saba, Bwana Zelman mwenyewe akiwemo. Watatu walikuwa wanakuja kwa gari kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa pale tangu asubuhi kupima mahali na kuangalia kingo za kaburi zisimomonyoke, maana udongo ulikuwa umelewa maji.

Tukasubiri. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Wale wengine sita walisimama chini ya miavuli. Bwana Zelman hakutaka mwavuli. Mara kwa mara alinigeukia. "Mwaura, hesabu tena."

"Saba, mzee."

Saa kumi na moja mtu alikuja mbio kutoka mjini na ujumbe wa simu. Barabara ilikuwa imekatika kule kwenye mteremko, matope yameshuka, wale watatu wamegeuza gari kurudi Nairobi. Bwana Zelman alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Nikasogea karibu. Nilisema jambo la kijinga, lakini lilitoka moyoni. "Mzee, mimi si mtu wenu, lakini nihesabu na mimi."

Alinitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kofia. "Kama mimi ndiyo ningeamua, ningekuita wa kwanza," akasema. "Lakini hata hivyo, tungekuwa wanane tu."

Wakamzika. Walisoma yale yanayoruhusiwa, na ile sala haikusemwa. Nilimwona akifungua mdomo mahali ilipopaswa kuanza, akaufunga. Kisha akachukua koleo mwenyewe.

Baada ya hapo nyumba ya sala ilikaa imefungwa. Wakubwa wa jumuiya yao huko Nairobi waliona hakuna faida ya kuweka mlinzi kwenye nyumba isiyo na watu. Walikuja wakachukua vitabu vyao vya ngozi, wakavifunga kwa shuka nyeupe, wakavibeba mikononi hadi kwenye gari kama wanabeba mgonjwa. Nyumba ikauzwa kwa mfanyabiashara wa nguo. Yeye alinitafuta mimi nimfanyie ukarabati: madirisha ya vioo vikubwa, sakafu mpya, kuta za kugawanya vyumba. Ilikuwa kazi ya miezi mingi, na mimi wakati huo nilikuwa na watoto wanne shuleni na karakana isiyo na wateja, maana Fundi Odera alishafariki na wanaotaka mawe ya kuchongwa kwa mkono walikuwa wameadimika.

"Kitu cha kwanza," boss akasema, "yale maandishi juu ya mlango yatoke. Wateja watafikiri ni uchawi. Nafungua duka la mbele mwisho wa wiki."

Jioni ile ile Bwana Zelman alinijia nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kuja. Mke wangu alimletea kiti, hakukaa. "Mwaura, nimesikia. Sitaki kuzuia biashara ya mtu. Mimi nataka jiwe tu. Litoke nzima, nitaweka kule makaburini, kwa Hana. Inaweza kutoka?"

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ningeruka.

Linta hutoka. Kila fundi anayejua kazi yake anajua hutoka. Unatoboa ukuta juu yake, unapitisha mbao nene, unaziegemeza kwa miti minne iliyokazwa vizuri, mzigo wa ukuta unahama, kisha unavuta jiwe taratibu na kumwaga linta ya zege mahali pake. Kisha zege inataka muda wake wa kukomaa, na muda huo mlango umezibwa na miti, hakuna anayefungua duka mwisho wa wiki. Ningeenda kwa yule boss nikamwambia anisubiri. Labda angekubali. Labda angechukua fundi mwingine. Sikutaka kujua.

"Haitoki, mzee," nikasema. "Ukigusa hiyo jiwe, ukuta utashuka."

Hakuwa fundi wa mawe. Mambo ya mawe aliyajua kupitia kwangu tu. "Kama wewe umesema haitoki," akasema, "basi haitoki." Akamuaga mke wangu, akaenda.

Asubuhi nilipanda ngazi na tindo pana. Ng'ambo ya barabara niliona Bwana Zelman anafika, amebeba kiti cha jikoni. Akakiweka chini ya mti wa jakaranda, akakaa, kofia kichwani. Nikaanzia kushoto, mwisho wa mstari, nikijidanganya kwamba huko si mwanzo wa neno na haitauma sana. Herufi nilizozichonga wiki tatu zilitoka kwa saa tano. Wapita njia walisimama, wakauliza, wakaenda. Yeye hakuondoka kwenda chai wala kujinyoosha. Nilipomaliza herufi ya mwisho upande wa kulia alivuka barabara na kiti chake, akanisubiri nishuke, akanipa mkono.

"Asante kwa kufanya wewe mwenyewe," akasema. "Ningeumia kama ni mtu haijui hii maandishi."

Nilipata ile kazi yote. Watoto walimaliza shule. Boss alinisifu kwa watu, nikapata nyingine. Bwana Zelman aliendelea kupita karakana kila wiki, sasa bila hesabu ya kunipa, maana alikuwa amebaki peke yake. Tuliongea bei ya mahindi, magoti yake, mvua. Kila mara nilisema moyoni leo nitamwambia. Kila mara nilikuwa na kitu mkononi cha kumalizia. Akaugua, akalazwa, akafa. Walikuja wanaume wa kutosha kutoka Nairobi kwa magari mawili, vijana wengi ambao hawakumjua, wakasoma kila kitu kinachotakiwa, wakaondoka kabla ya saa ya chakula.

Jiwe lake nililichonga bila kuombwa na mtu. Nilinakili jina kutoka kwenye jiwe la mkewe, pale alipotajwa kama mume. Hakukuwa tena na mtu Nakuru wa kupitisha kidole.

Mwaka huu, miezi michache iliyopita, alikuja mjukuu wake. Anaitwa Dina, amezaliwa Uingereza, ana umri kama wenu. Alinipata kwa kuulizauliza. Tulienda makaburini, tukang'oa magugu, akaweka vijiwe. Alilisoma jiwe la babu yake polepole kwa sauti, akasema liko sawa kabisa. Kisha akaniomba nimwonyeshe nyumba ya sala. Mama yake, binti wa Bwana Zelman aliyepelekwa kusoma nje, alimwambia kuna jiwe juu ya mlango.

Ningeweza kumwambia maandishi yalifutwa, nikaishia hapo. Nimezeeka, nimechoka kubeba. Tukiwa tumesimama barabarani mbele ya maduka ya simu yaliyoko sasa, nilimweleza. Nilimweleza kiti cha jikoni na mkono alionipa. Nilimweleza nilichosema nyumbani kwangu jioni ile.

Alitazama juu ya mlango, mahali ambapo kuna bango la rangi. "Vipande vilienda wapi?"

"Nyuma. Walijaza shimo kabla ya kuweka haya maegesho."

Tukazunguka nyuma. Matofali ya sakafu, magari, mtu anaosha gari jeupe. Dina akatembea katikati akitazama chini kana kwamba angeweza kuona. Dereva mmoja akatupigia honi tumpishe. Tukampisha.

"Kwa hiyo lingetoka," akasema.

"Lingetoka."

"Ingechukua muda gani?"

Ningeweza kumwambia ilikuwa kazi kubwa, ya hatari, ya kuhitaji watu wengi. Asingejua tofauti, kama babu yake.

"Siku mbili za kulitoa," nikamwambia. "Na wiki chache za kusubiri zege."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua mlango wa gari lake, akaingia. Hakunipa mkono, na mimi sikuunyoosha wangu.